Naosha upya chupa za mtoto kwa siri, na mama mkwe amenifuma

Shikamoo mama mshauri,

Mimi ni mama wa mtoto wa kiume wa siku 24, mtoto wangu wa kwanza. Alizaliwa wiki ya 35, mdogo lakini mzima, tukakaa hospitali siku 9 kabla ya kuruhusiwa. Akinyonya titi huchoka upesi, kwa hiyo mchana nakamua na kumpa kwa chupa, na usiku maziwa yangu yasipotosha nampa ya unga mara mbili.

Mama mkwe yuko nasi tangu tulipotoka hospitali, na namshukuru Mungu kwa ajili yake. Anapika, anafua, anamwogesha mtoto. Tatizo ni chupa. Tunazo sita, zile zenye mrija na vali ndani za kupunguza gesi tumboni. Mtoto akimaliza, chupa hukaa mezani mpaka zifike tatu au nne. Hapo mama huzimwagia maji ya moto ya birika, akatia sabuni kidogo, akatikisa, akasuuza, kisha akazipangusa kwa ndani kwa kitambaa cha jikoni na kuzifunika. Niliwahi kumwambia kwamba hospitali walisema zichemshwe. Akanijibu kwa upole kabisa kuwa amelea watoto sita na hakuna aliyedhurika.

Nikanyamaza, ila usingizi hauji. Watu wakishalala nazitoa kabatini zote, naziosha tena na kuzichemsha nusu saa nzima. Mchana akitoka nje kidogo nachemsha tena. Kuna siku nimechemsha mara nne. Juzi saa saba usiku aliingia jikoni kunywa maji, akanikuta nimesimama kwenye jiko, chupa sita zinatokota. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe mikono yangu michafu." Akarudi kulala. Tangu siku hiyo hagusi chupa. Tunasalimiana asubuhi, basi.

Mume wangu anasema niache mambo madogo, mama yake ana uzoefu. Nikitaja vijidudu ananiambia nasoma sana kwenye simu.

Kinachonichanganya zaidi ni kwamba pamoja na kuchemsha kwote huko, chupa bado zinanuka maziwa yaliyochacha, chuchu zimeanza kunata, na ndani ya chupa kuna weupe kama unga usiotoka kwa sabuni. Vali sijawahi kuzing'oa, ni ngumu na naogopa kuzipasua. Kwa usiku nimejipanga hivi: jioni nachemsha maji, nayaacha yapoe mpaka yawe vuguvugu, naweka kwenye themosi, ili mtoto akiamka nichanganye maziwa ya unga na kumpa papo hapo bila kusubiri.

Nikimwachia mama chupa, naogopa mwanangu ataugua. Nikiendelea hivi, nitampoteza mtu pekee anayenisaidia. Nifanyeje?

Mama asiyelala

*

Marahaba mwanangu, na hongera kwa mtoto. Pole pia, maana mwili wenye siku 24 tu tangu kujifungua ulipaswa kuwa kitandani saa saba usiku.

Unavyoeleza, umebanwa katikati: ukizinyamazia chupa ataumia mtoto, ukizishughulikia ataumia mama mkwe. Kwanza nikuambie kwamba hofu yako ina msingi, haikuzaliwa na simu. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37, tena hajatimiza miezi miwili, kinga yake ni changa, na ndiye hasa anayetajwa wataalamu wanaposema vyombo vitakaswe, yaani viuliwe vijidudu baada ya kuoshwa. Kwa watoto wa namna hii CDC, kituo cha kudhibiti magonjwa cha Marekani, inahimiza kutakasa angalau mara moja kwa siku, juu ya kuosha kila baada ya kumlisha. NHS, huduma ya afya ya taifa ya Uingereza, inataka kila chombo kitakaswe mpaka mtoto afikishe mwaka. Mumeo akilisikia hili kwa utulivu, huenda asiliite tena jambo dogo.

Ila nina swali. Katika barua yako mama anachafua na wewe unasafisha. Je, ndivyo ilivyo? Harufu ya kuchacha haitoki kwenye plastiki, inatoka kwenye maziwa. Chupa iliyotokota nusu saa ikinuka bado, ujue mna maziwa ndani ambayo hayajaondoka. Moto hauondoi maziwa, unayapika.

Chukua chupa moja uliyoichemsha wewe mwenyewe, uende nayo penye mwanga. Usiishie kufungua pete. Vuta chuchu mpaka itoke kabisa ndani ya pete. Tazama ukingo mpana wa chuchu, pale unapobanwa na pete, kisha pitisha kucha kwenye mifereji ya ndani ya pete. Ukihisi utelezi au ukiona mstari mwembamba wa manjano, umeipata harufu yako. Sasa loweka mrija na vali yake kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni dakika kumi. Raba iliyolowa huteleza. Ishike vali chini kabisa, kwenye shina lake, uivute polepole kwa kuinyoosha, usiishike penye mpasuo. Na usiingize sindano kwenye mpasuo huo ili kuusafisha: ukipanuka, chupa itavuja na gesi itarudi. Huko ndani nina hakika utakuta ukoga.

Ukoga huo umetengenezwa na watu wawili. Maziwa yakikaa mezani yanakauka, na mafuta yake yanagandamana na plastiki. Kisha yanamwagiwa maji ya birika, na protini ya maziwa ikikutana na joto kali ghafla hushika kwenye plastiki kama ute wa yai unavyoshika kikaangoni. Wewe usiku unakuja kuchemsha juu ya tabaka hilo, vali ikiwa ndani. Chini ya ukoga vijidudu vinapata kinga, na wapo wengine wenye mbegu ngumu zinazovumilia hata maji yanayotokota. Kuchemsha nyumbani hakuui kila kitu, kwa hiyo kinachosalia kisikute chakula. Ndiyo maana nasema kazi kubwa inafanywa na brashi, na sufuria huja kumalizia.

Mpangilio unaofanya kazi ni huu. Mtoto akimaliza tu, chupa ifunguliwe vipande vyote, navyo visuuzwe kwa maji ya baridi au vuguvugu, yaondoe maziwa kabla hayajakauka. Hii inachukua nusu dakika na mtu yeyote anaweza kuifanya. Kuosha kwenyewe kunaweza kungoja kidogo. Mikono ioshwe kwanza, halafu litumike beseni la vyombo vya mtoto peke yake, maana sinki na beseni la vyombo vingine lina vijidudu vya nyama mbichi na mboga. Maji ya moto yanayovumilika mkononi, sabuni ya vyombo, brashi ndefu kwa chupa na brashi ndogo kwa chuchu. Chuchu igeuzwe nje ndani isuguliwe, kisha ijazwe maji na kubanwa mpaka maji yatoke tunduni. Mrija upitishiwe kibrashi chembamba. Suuza kwa maji safi yanayotiririka. Beseni na brashi navyo vioshwe, vikaushwe. Brashi inayolala imelowa huzalisha vijidudu usiku kucha na kuvigawa asubuhi. Vipande vya pampu yako vinavyoguswa na maziwa vifuate njia hiyohiyo.

Kisha sufuria. Vyote vizame, chupa ilazwe na kuinamishwa mpaka puto la hewa litoke, kwa sababu sehemu yenye hewa haiguswi na maji. Hesabu muda kuanzia maji yanapotokota kwa nguvu: CDC inasema dakika 5, NHS inasema 10. Ukienda na 10 umewaridhisha wote. Chupa za kioo ziingie maji yakiwa bado baridi, zisije zikapasuka. Nusu saa mara nne kwa siku haiongezi usalama wowote, inachosha chuchu tu, na kunata unakokuona ndiko huko. Zivute kila upande. Inayonata, iliyovimba au yenye ufa itupwe leo, kwani kipande kinaweza kung'oka mdomoni.

Ule weupe haukudhuru. Ni chokaa ya maji inayoganda kila maji yanapochemka, na kadiri unavyochemsha ndivyo unavyoiongeza. Loweka chupa nusu saa kwenye siki iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa, halafu osha kwa sabuni na suuza sana. Siki isikutane kamwe na dawa yoyote ya klorini, hutoa hewa ya sumu.

Vyombo vikitoka kwenye sufuria vikung'utwe, vipangwe juu ya kitambaa safi ambacho hakijatumika, au kwenye kichanja, vikauke vyenyewe. Kitambaa cha jikoni kikiingia ndani ya chupa, kazi yote imerudi mwanzo. Hili ndilo kosa moja la mama ambalo ningependa liachwe mara moja.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo umelipitia haraka barua ikielekea mwisho, na kwangu linazidi chupa zote sita: themosi ya vuguvugu. Maziwa ya unga hayajatakaswa. Kopo likiwa halijafunguliwa bado, ndani yake mnaweza kuwa na kijidudu kiitwacho Cronobacter. Ni nadra, lakini kikimpata mtoto mchanga, hasa njiti, kinaweza kuingia kwenye damu au utando wa ubongo na kuua. Maji vuguvugu hukifuga. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2007 unataka unga uchanganywe na maji yasiyopungua nyuzi 70 ndipo kife. Kwa vitendo, chemsha lita moja ya maji mapya, yaache kwenye birika yasizidi dakika 30. Mimina maji kwanza, kisha unga kwa kijiko cha kopo lenyewe, kiwe sawa bila kushindiliwa. Tikisa, poza kwa kuiweka chupa kwenye bakuli la maji baridi bila maji kufika kwenye kifuniko, uonje joto kwa matone kwenye kifundo cha mkono. Usimpe mtoto kabla hayajapoa.

Najua saa tisa usiku mtoto akilia dakika hizo ni ndefu. Unazo njia mbili. Unaweza kutengeneza jioni kwa maji ya nyuzi 70, ukapoza upesi na kuweka nyuma kabisa ya jokofu, si mlangoni, penye baridi isiyozidi nyuzi 5, yatumike ndani ya saa 24. Usiku yapashe kwenye bakuli la maji ya moto, yasikae humo zaidi ya dakika 15. Au ulizia maziwa ya mtoto yaliyo tayari kama kimiminika, ambayo hutakaswa kiwandani; kwa mtoto kama wako CDC huyapendelea kuliko unga yakipatikana. Kwa vyovyote, ya unga yaliyobaki chupani baada ya mtoto kuanza kunywa yamwagwe ndani ya saa moja. Yako uliyokamua yakibaki chupani yana saa mbili.

Niliyataja haya ili uone kwamba umekuwa ukikesha kwenye mlango mmoja huku mwingine uko wazi. Hata wewe, unayempenda huyu mtoto kuliko yeyote, ulikosea kwa nia njema. Mama mkwe naye hakukusudia baya. Hilo linaweza kubadili namna utakavyomwendea.

Maana njia ziko zaidi ya zile mbili ulizoziona. Unaweza kuendelea peke yako, usiku, kwa siri isiyokuwa siri tena. Chupa zitakuwa safi kwa siku chache, lakini mikono iliyochoka husahau sufuria mpaka maji yakauke, hukosea hesabu ya vijiko vya unga, hujiunguza. Na maziwa yako ya titi yanahitaji usingizi huo unaoutoa.

Unaweza kugawana kazi kwa hatua. Mama achukue kufungua na kusuuza mara mtoto anapomaliza, kwani yeye ndiye mara nyingi yuko karibu. Kuosha kwa brashi kufanywe na aliye na nafasi. Kuchemsha kuwe mara mbili, asubuhi na jioni, chupa zote kwa pamoja, jambo ambalo kwa chupa sita linatosha kwa chupa ya kila mlo kuwa imechemshwa. Ile ya jioni kwa nini asiichukue baba mtoto? Anayesema ni jambo dogo hatalemewa na dakika 10. Hatari ya mpango huu ni kwamba hatua moja ikirukwa hakuna anayejua, kwa hiyo chupa zilizochemshwa ziwe na mahali pake na zilizooshwa tu pake, zisichanganyike.

Kama moto ndio unaochosha, zipo dawa na vidonge vya klorini vilivyotengenezwa kwa ajili ya chupa za watoto. Vifuate maelezo ya kwenye pakiti. Kwa kawaida chombo huzama dakika 30, na maji hubadilishwa kila baada ya saa 24. Ubaya wake ni kuwa klorini nyingi hutumika kwenye mabaki ya maziwa kabla ya kufikia vijidudu, kwa hiyo chupa yenye ukoga itatoka na harufu ya dawa na uchafu wake ukiwa palepale. Chombo kikitoka humo kikung'utwe, kisisuuzwe kwa maji ya bomba.

Au upunguze vipande. Chupa ya kawaida isiyo na mrija wala vali ina sehemu chache za kujificha. Huu ni ugomvi wa zamani kati ya ubunifu na usafi: katika karne ya 19 Ulaya ilikuwa na chupa zenye mrija mrefu wa mpira ambazo hazikuweza kusafishika, zikaua watoto wengi, na Ufaransa ikazipiga marufuku mwaka 1910. Hatari ya kubadili ni kwamba mwanao huenda akameza hewa zaidi, nawe itabidi umcheulishe kwa subira.

Na kipo kikombe kidogo kilicho wazi. Mtoto hata njiti anaweza kunywa kwa kikombe, na hakina kona wala tundu, sabuni na brashi humaliza kazi, kisha unachemsha. Mtoto hukaa wima mapajani, kikombe hugusa mdomo wa chini, maziwa yafike tu kwenye midomo ayalambe mwenyewe. Usiyamimine kinywani, atapaliwa. Mwanzoni humwagika kidogo, na mama mwenye haraka hukata tamaa. Omba mkunga au muuguzi akuonyeshe mara moja kabla hujajaribu.

Kuhusu mama, hebu fikiria sentensi yake tena. Alisema mikono yake michafu. Hakuwa akizungumzia chupa. Alikuja kutoka kwake kukulea wewe na mjukuu, na usiku ule aliona kazi yake ikirudiwa gizani. Ukimwendea na maelezo ya simu, atasikia lawama ileile. Ukimwendea na vali uliyoing'oa, yenye ukoga, kutoka kwenye chupa uliyoichemsha wewe, mambo huwa tofauti: "Mama, naomba unisamehe kwa usiku ule. Nilikuwa na hofu, sikuwa na dharau. Tazama, hata nilizochemsha mimi zimebaki hivi. Nisaidie tuzioshe pamoja." Keti naye, beseni katikati. Na muulize kitu ambacho hukukitaja katika barua: wale sita aliwalisha nini, kwa chombo gani? Kama walinyonya titi tu, hajawahi kukutana na tatizo hili, na uzoefu wake hautakuwa umepingwa na mtu. Kama alitumia kikombe, pengine yeye ndiye atakayekufundisha wewe.

Anaweza asikubali siku ya kwanza. Katika hali hiyo chupa zibaki kwako na baba mtoto kwa muda, mchana kweupe, bila kujificha, naye aendelee na anayoyapenda. Wewe ndiye unayemjua, utapima lipi litabebeka nyumbani kwenu.

Moja haliwezi kusubiri mazungumzo yoyote. Mtoto akipata joto la nyuzi 38 au zaidi, au mwili ukawa wa baridi isivyo kawaida, akikataa kunyonya, akilegea na kuwa mgumu kuamka, akitapika mfululizo, akipata degedege au utosi ukivimba, mpeleke hospitali saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana.

Kwa leo, ng'oa vali moja. Kisha niandikie mlichokikuta ndani yake, na mama alisema nini alipokiona.